Nywele zangu za kipilipili: miezi 11 ya kutafuta zinataka nini

Januari 20

Leo nimeazima rula ya mtoto wa dada, nikashika unywele mmoja wa utosini nikauvuta mpaka ukanyooka. Sentimita 11. Kisogoni 7. Juu ya masikio 6 na nusu. Naziandika hizi namba kwa sababu mwezi wa nane nilikata nywele zote zilizokuwa na dawa ya kunyoosha nikabakiza kama sentimita 5 tu, na nataka kujua kama kweli zinakua, maana kwenye kioo sioni kitu, zikikauka zinajikunja mpaka zinaonekana nusu ya urefu wake au hata chini ya hapo.

Mimi nimezaliwa Arua, kaskazini mwa Uganda, sasa naishi Kampala, nimesoma bweni, na shule nyingi huku Uganda msichana ananyoa. Kuanzia P1 (darasa la kwanza la msingi) mpaka S6 (kidato cha sita) kichwa changu kilikuwa kilekile, kila muhula ukianza mashine inapita. Nilipomaliza S6 nikaziacha miezi kadhaa, zilipofika tu urefu wa kushikika nikapelekwa saluni kuwekwa dawa, na dawa nikaendelea nayo miaka minane. Yaani nina miaka 28 na nywele zangu mwenyewe ndiyo kwanza tunaonana. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu ya huu mradi.

Februari 9

Nimeacha sabuni ya mche. Shuleni tulikuwa tunaogea hiyohiyo, tunafulia, tunaoshea kichwa, na kichwa kikiwa kimenyolewa huoni shida yoyote. Ila sasa nikiosha nayo nywele zinakwaruza, nikipitisha vidole haviendi popote. Unywele umefunikwa na magamba kama ya samaki, madogo mno huwezi kuyaona, na sabuni ya mche ina pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) ya 9 mpaka 10 hivi wakati nywele zinapenda kama 4.5 mpaka 5.5, basi ukizipiga na sabuni kali magamba yananyanyuka, unywele unang'ang'ania mwenzake na hapo ukichana ni vita. Halafu nywele za singa mafuta ya ngozi yanateleza yenyewe mpaka nchani, zetu zina kona nyingi mafuta yanaishia hukohuko kwenye ngozi. Nimeenda Kikuubo, maduka ya jumla Kampala, nimenunua shampuu isiyo na salfeti (ile kemikali ya povu kali) na kondishena kopo kubwa la lita moja. Nunua kondishena nyingi kuliko shampuu, hilo nimeshaliona ndani ya wiki mbili.

Machi 3

Nimefumua kila kitu leo, bado ngozi inauma.

Nilienda saluni Alhamisi nikitaka mistari tu ya kurudi nyuma, ya nywele zangu bila kuongeza rasta. Dada akaanza kuchana kavu, kutoka kwenye shina kwenda nje, na kitana cha meno madogo. Nikamwambia dada yangu naomba uzilainishe na maji kwanza, akasema nywele ngumu kama hizi hazitaki maji. Nikanyamaza. Nilikuwa nazisikia zinakatika, ule mlio mdogo kama wa kijiti kikavu, mmoja, mwingine, mwingine, na bado nikanyamaza, na hilo ndilo linanisumbua kuliko maumivu. Kisha akasuka kwa kuvuta mpaka nyusi zikapanda. Usiku sikulala, asubuhi kwenye kingo za mbele nina vipele vidogo vyeupe, kila kimoja kimekaa palepale nywele inapotokea. Ukisukwa hivyo mara kwa mara shina linachoka, mwanzoni nywele zinarudi lakini ukiendelea miaka panabaki kovu na kwenye kovu hapaoti kitu tena. Nawaona mama zetu wengi walivyopoteza nywele za mbele na hakuna aliyewaambia kwamba ni kuvutwa tu.

Na hilo neno ngumu. Nimechukua unywele wangu mmoja nikauweka juu ya karatasi karibu na uzi wa cherehani. Uzi ni mnene zaidi, tena sana. Nywele zangu ni laini na nyembamba, zina kona nyingi, na kila kona ni mahali pa kukatikia. Ukizishika kama ngumu utazivunja.

Aprili, Mei

Nimeandika kidogo, mvua nyingi na kazi nyingi. Shangazi kanitumia siagi ya shea kwa basi la usiku kutoka Arua, kopo la zamani la majarini limejaa mpaka juu. Shea ya huku kwetu kaskazini si kama ile nzito ya Afrika Magharibi, mti ni jamaa mmoja ila wetu ni aina ya nilotica, siagi yake ni laini, ukiiweka kiganjani inayeyuka kabla hujamaliza kuisugua. Ina harufu ya moshi kidogo kwa sababu wanazikaanga mbegu, mimi naipenda hiyo harufu, ni ya jikoni kwa nyanya yangu. (Mti wenyewe unachukua miaka 15 mpaka 20 kuanza kuzaa vizuri, na watu wanaukata kuchoma makaa. Nikipita njia ya kaskazini nikiona magunia ya makaa yamepangwa barabarani roho inaniuma.)

Basi nikawa napaka kila asubuhi. Nywele zinang'aa, nafurahi, jioni zimekauka tena, naongeza. Wiki nzima hivyo.

Watu wananiuliza nywele zako ni aina gani, 4B au 4C (4 ni nywele za kipilipili, herufi ni jinsi zinavyojikunja). Hizo namba zilianzia kwa Andre Walker, aliyekuwa anamtengeneza nywele Oprah Winfrey, na hiyo C watu waliiongeza baadaye. Mimi nina aina tatu kichwani kwa hiyo sijapata msaada hapo. Kilichonisaidia ni kunyunyizia maji nywele safi na kuangalia: matone yamekaa juu kama umande kwenye jani la magimbi, hayaingii! Nimesubiri karibu dakika tatu bado yapo. Kumbe magamba yangu yamejifunga, maji yanaingia kwa shida, na mimi kila siku naweka mafuta juu ya nywele ambazo hazijapata maji. Nilikuwa nafungia ukavu ndani.

Juni 20

Utosini 13.

Kwa kawaida nywele za kichwani zinakua kama sentimita 1 na robo kwa mwezi, miezi mitano ni zaidi ya 6, nilitakiwa niwe kwenye 17. Kwa hiyo sentimita nne zimekatika zikaanguka mahali fulani. Leo baada ya kuchana nimeokota kila unywele uliobaki kwenye kitana na kwenye beseni nikavitandaza juu ya kitambaa cheupe dirishani. Ule uliong'oka wenyewe kwa sababu muda wake umeisha una kidoti cheupe upande mmoja, ukipitisha kwenye vidole unakisikia, na huo si wa kuhuzunikia, mtu anapoteza 50 mpaka 100 kwa siku. Uliokatika hauna kidoti na ni mfupi. Nimehesabu: wenye kidoti 38, vipande vifupi 112. Nimekaa na kile kitambaa muda mrefu. Zinakua vizuri kabisa, mkono wangu ndio unaozivunja.

Juni 29

Bamia!!

Mama mmoja anayeuza mboga soko la Nakasero aliniona nachagua bamia zilizokomaa akauliza unapika nini na hizo, nikamwambia ni za nywele, akacheka kisha akaniongezea mbili. Nimekata bamia nane vipande vyembamba, vikombe viwili vya maji, moto mdogo dakika 15 huku nakoroga mpaka ule ute ukawa unavutika kutoka kwenye mwiko kama uzi mrefu bila kukatika. Ichuje ikiwa bado ya moto kwa soksi ndefu safi ya nailoni, ikipoa haipiti tena, nimejifunza hilo kwa kukamua nusu saa. Nikachanganya na kondishena nusu kwa nusu.

Nimegawa kichwa mafungu manane, kila fungu nimelisokota kulegea. Fungua moja, lowesha kwa maji ya vuguvugu mpaka liwe zito, paka ute, kisha vidole tu, kuanzia nchani, nashika juu ya fundo kwa mkono mmoja ili shina lisivutwe na kwa mwingine napanua fundo kidogo kidogo. Kulikuwa na fundo moja kisogoni kubwa kama punje ya hindi, zamani ningelikata na mkasi bila kufikiri. Nimelijaza ute, nikaliacha, nikahudumia fungu lingine, nikarudi, na lilipofunguka lilifunguka lenyewe, nikaona mizunguko midogo midogo kama springi ya kalamu imeteleza mmoja mmoja kutoka kwa mwenzake. Sikuwahi kuiona kwenye kichwa changu. Nilimwita dada aje aone.

Kitambaa cheupe tena: wenye kidoti 61 (ilikuwa wiki nzima sijachana), vipande vifupi 14.

Angalizo moja, ute hauna kitu cha kuuhifadhi, hata kwenye friji siku ya sita wangu ulishaanza kunuka. Sasa natengeneza kidogo, nagandisha kwenye trei ya barafu, siku ya kuosha natoa vidonge vinne.

Agosti

Nimetulia kwenye utaratibu na sitaki kuugusa. Jumamosi moja naosha, ya pili napumzika. Naosha nywele zikiwa kwenye misokoto ileile minane, shampuu inaenda kwenye ngozi tu, povu linaloshuka linatosha kwa urefu. Kisha kondishena na ute, vidole, halafu kitana cha meno mapana. Kisha stimingi ya nyumbani: kondishena, kavera (mfuko wa plastiki) kichwani, juu yake taulo niliyoichovya maji ya moto nikaikamua, dakika 20. Hilo joto ndilo ufunguo kwa nywele kama zangu ambazo magamba yamejifunga, bila joto kondishena inakaa juu tu. Nasuuza, nakausha kwa fulana kuukuu ya pamba, siagi ya shea kiasi cha harage moja kwa kila fungu nywele zikiwa BADO na maji, nasokota, nimemaliza. Katikati ya wiki ni maji tu ya kunyunyiza na glisirini kidogo ndani yake.

Nimeacha yai. Protini ya yai ni kubwa mno haiingii kwenye unywele, na ukisuuza na maji ya moto linaivia kichwani. Yai nakula.

Septemba 14

Nimejaribu kusukwa tena, saluni nyingine, ndogo, ya mtaani. Mistari ya nywele zako mwenyewe pale wanaiita biswahili, dada aliposikia naongea Kiswahili akasema basi hii ni yako. Safari hii nilienda nimeshazichambua nyumbani, nikasema kabla sijakaa: dada, usivute kingo, na ikiuma nitakwambia. Nilimwambia mara mbili na mara zote mbili akalegeza. Hakukasirika hata kidogo. Siku kumi, hakuna kipele.

Novemba 20

Utosini 18 na nusu. Juu ya masikio 12. Kisogoni 10 tu, na nimeshajua kwa nini: mto. Kitambaa cha satini nilikuwa nafunga lakini kinateleza usiku na kisogo kinasugua pamba mpaka asubuhi. Nimeshona foronya ya satini, elfu 8 kitambaa chote na kinatosha mbili.

Desemba 27, Arua

Nimekuja na basi la usiku, kiti cha basi ni kitambaa kikavu kinachokwaruza na barabara ni ndefu, Karuma, Pakwach, mpaka huku, kwa hiyo nilivaa kofia ya satini toka Kampala na sijali aliyeangalia.

Ila siku ya tatu nywele zimekuwa kama makumbi ya nazi, utaratibu ni uleule na siagi ni ileile. Nimehangaika siku mbili kabla ya kuelewa kwamba ni glisirini. Kampala hewa ina unyevunyevu, glisirini inauvuta kutoka hewani kuingia kwenye unywele. Huku Desemba ni jua na vumbi, hewa kavu kabisa, haina cha kuvuta basi inavuta maji yaliyo ndani ya unywele kuyatoa nje. Nimeitupa, maji matupu na shea, na shea nimeongeza kidogo. Leo jioni zimelainika.

Mtoto wa dada amemaliza P7, shule ikifunguliwa anaingia S1 na shule anayotarajia kwenda wananyoa. Shule yake ya zamani ilikuwa inaruhusu, amezilea toka akiwa P3. Ananiangalia mwaka mzima na kitambaa changu cheupe na rula yake. Jana usiku nimemaliza kujiosha akaja akakaa kwenye mkeka mbele yangu na beseni lake, akasema mama mdogo, na zangu zioshe, halafu uzipime uandike kabla hawajakata.

Nimeziosha kwa saa mbili, bila haraka, mafungu kumi na mawili, zake ni nyingi kuliko zangu. Zilizokatika, vipande 9.

Utosini 26. Kisogoni 24. Juu ya masikio 21.