Mfugaji wa Seli: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 10:40 alfajiri. Ukikaa Mbagala, Dar es Salaam, na kazi yako iko mjini, simu haikuamshi, inakuwahisha tu. Naoga gizani, nafunga nywele kwa kubana kabisa (unywele mmoja ukidondokea mahali pabaya, wiki imeharibika), kisha natoka kugombea siti Rangi Tatu.

Saa 1:15 asubuhi. Kabla ya kuweka begi chini naangalia friza ya maabara. Inatakiwa isome nyuzi 80 chini ya sifuri. Leo inasoma 78. Naandika kwenye daftari, natia sahihi. Mlinzi ananiambia umeme ulikatika usiku na jenereta ikawaka yenyewe. Ndani ya friza ile kuna sampuli za damu za miaka mingi ambazo haziwezi kuchukuliwa tena, kwa hiyo salamu yangu ya kwanza kila siku ni kwake, binadamu wanafuata.

Saa 2:00. Kulisha mifugo. Hivyo ndivyo ndugu zangu wanavyoiita kazi yangu, na kwa kweli hawajakosea. Kirusi hakizaliani peke yake, kinataka seli hai, kwa hiyo anayetaka kusoma virusi lazima kwanza awe mfugaji wa seli. Za kwangu zinaitwa Vero. Zilitolewa kwenye figo la tumbili huko Japani mwaka 1962, na watoto wa watoto wao wanaendelea kugawanyika kwenye maabara dunia nzima. Bibi yangu alicheka sana nilipomweleza. Yeye tumbili anawafukuza kwenye mahindi, mjukuu wake analipwa kuwalea.

Zinakaa kwenye inkubeta yenye nyuzi 37 na hewa ya kabonidayoksaidi asilimia 5. Naziangalia kwa hadubini: zimeshikana vizuri kama vigae, hakuna ukungu. Nanyunyizia glovu spiriti ya asilimia 70, nakaa mbele ya kabati la usalama, namwaga chakula cha zamani, naziosha, naweka tripsini kidogo ziachie chupa, kisha nazigawa kwenye chupa mpya. Dakika arobaini bila kuongea. Hakuna darasa lililonifundisha hili. Mwaka wangu wa kwanza niliua kizazi kizima kwa fangasi kwa sababu nilipitisha mkono juu ya chupa iliyo wazi. Nilianza upya na chupa ya akiba kutoka kwenye naitrojeni ya kimiminika (baridi kali tunamohifadhi seli), ikanichukua wiki tatu. Tangu siku hiyo hata nyumbani sipitishi mkono juu ya sufuria iliyofunuliwa.

Saa 4:00. Chai na chapati mbili. Wanafunzi wa mazoezi huwa wananiuliza hapa: dada, ulifikaje? Wanategemea hadithi ya ndoto ya utotoni. Nilisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) nikitaka udaktari, alama hazikutosha, nikaenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kusoma bioteknolojia. Mwaka 2019 denge ilipoikumba Dar nilikuwa najitolea maabara: napokea sampuli, nabandika namba, naosha vyombo. Mwezi mzima sikugusa pipeti. Nilidhani nanyanyaswa, kumbe aliyezoea kubandika namba kwa usahihi ndiye anayeaminiwa baadaye na kirusi chenyewe. Halafu shahada ya uzamili, halafu mafunzo mafupi Entebbe, Uganda, kwenye taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Msitu wa Zika uko jirani tu, na kirusi cha Zika, kilichokuja kuitia dunia hofu, kilipatikana humo mwaka 1947, kwenye damu ya kima aliyefungiwa juu ya mti. Sasa nina mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kuhusu hilo nisiseme mengi, chai itapoa.

Saa 5:00. Ijumaa ndiyo siku ya kufungua pleti, sahani za plastiki zenye visima vidogo vya seli. Navaa gauni, barakoa nzito na glovu mbili mbili, naingia chumba cha ndani. Simu inabaki nje. Jumatatu nilipanda seli, Jumanne nikachanganya kirusi cha chikungunya na seramu (maji ya damu) za wagonjwa, nikazimwagia. Kama seramu ina kingamwili, kirusi kinazuiwa. Kama haina, kinakula seli na kuacha matundu. Naweka formalini, nasubiri virusi vife, ndipo pleti zitoke kwenda kupakwa rangi ya zambarau.

Saa 8:00 mchana. Wali maharage haraka haraka, kisha kuhesabu. Kisima kisicho na seramu kina matundu 61. Mgonjwa wa kwanza, 58, huyu hajawahi kukutana na kirusi. Wa pili, 3. Huyu alishaugua, labda akaambiwa ni malaria. Nafika pleti ya mwisho na moyo unashuka: seli zimebanduka zote, kisima kimebaki cheupe. Niliosha kwa pupa. Hakuna wa kumsingizia.

Saa 9:30. Naenda kwa Dokta na daftari. Haulizi matokeo, anauliza kontroli, visima vya kulinganishia. Namwonyesha iliyobanduka. "Rudia," anasema, bila kuinua macho. Kisha ananikabidhi barua yake ya kuniombea nafasi ya uzamivu. Ameandika mistari sita tu, mmoja wao unasema nina mkono mwepesi. Siku ya leo, jamani!

Saa 12:30 jioni. Foleni. Nampigia bibi yangu Newala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mifugo imekula?"

Sikuwa nimewahi kumwambia vizuri ni ugonjwa gani ninaosoma, nikamwambia leo: chikungunya. Kwamba ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza kwao kabisa, uwanda wa Makonde, mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, na jina lake limetoka kwenye Kimakonde, lenye maana ya kupindika, kwa maumivu ya viungo. Chuo nilikuwa nimelisoma kwenye kitabu cha Kiingereza. Akanisahihisha matamshi, mara mbili. Akasema alikuwa mtoto, anakumbuka mama yake akishuka kitandani kwa kushika ukuta, na mashamba yakikosa watu wa kupalilia. Nikamuuliza walitumia dawa gani. Konda akapiga kelele ya kituo, mtandao ukakata.

Saa 3:00 usiku. Naweka alamu. Kesho ni Jumamosi, lakini nikitaka kurudia ile pleti Jumatatu, seli lazima zile kesho. Na bibi nitampigia nikiwa nimekaa chini, na kalamu.