Chungu cha kitako kizito

Mwaka 2011 nilikuwa nimeshachora picha za mtindo wa tingatinga miaka sita pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar, na nilikuwa nimechoka kweli. Sio kuchoka rangi, rangi naipenda mpaka leo, nilichoka kuchora tembo yuleyule na Kilimanjaro uleule kwa sababu ndo unaoingia kwenye begi la mtalii. Halafu kulikuwa na hili suala la saini. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, aliyefariki 1972, alikuwa anasaini mbao zake za hadibodi, na sisi tuliokuja nyuma sana tukashika hivyohivyo, jina kwenye kona. Kwangu ile kona ndo ilikuwa kila kitu, maana tembo tunafanana wote, jina halifanani. Sasa kuna dalali alichukua kazi zangu nne, akapaka rangi juu ya jina langu akaandika la kwake, nikaja kuziona zinauzwa. Nililia siku mbili, yani nililia kama nimefiwa.

Ndo nikaamua niondoke Dar kidogo. Siku zote nilikuwa natamani kujifunza kufinyanga, na wafinyanzi wote niliowauliza walikuwa wananiambia nenda kwa Wakisi, Ziwa Nyasa. Basi nikapanda gari mpaka Mbeya, Kyela, Matema, halafu mtumbwi mpaka Ikombe, kijiji kimebanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone, milima inashuka mpaka ziwani kabisa. Kule kufinyanga ni kazi ya akina mama. Nikapokelewa na bibi mmoja, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anaangalia mikono yangu wala sio uso.

Wiki mbili za kwanza vyungu vyangu vyote vilirudi kuwa udongo. Nakianika, bibi anakigonga kwa kidole, anasikiliza, anakibomoa. Hakasiriki, anabomoa tu, anatia maji, anakanda upya. Kipo kimoja akakiacha. Nikakisugua kwa kokoto mpaka kikang'aa, na kabla hakijakauka vizuri nikachukua msumari nikaandika jina langu chini ya kitako.

Bibi akakigeuza. "Hii nini?"

"Jina langu, bibi."

"Mama anayepika maharage jina lako analitaka la nini, mjukuu wangu?" Akalowesha lile kokoto, akasugua mpaka jina likaisha.

Nilinyamaza. Moyoni nikamuona yule dalali, nikasema hata huku nimefutwa.

Siku ya kuchoma nilikuwa na hofu sana kwa sababu kitako cha chungu changu kilikuwa kinene, na kule hakuna tanuru, vyungu vinapangwa chini, vinafunikwa kuni na nyasi kavu, moto unawashwa. Unyevu ukibaki ndani ya udongo moto unaugeuza mvuke, mvuke ukikosa njia chungu kinapasuka na kinaweza kuondoka na majirani zake. Bibi alikuwa amekiacha kivulini siku nyingi kuliko vingine, hakuniambia kwa nini. Nilisimama upande wa moshi macho yanatoka machozi, nasikiliza kama kuna mlio. Kimya. Kikatoka kizima, chekundu, na doa jeusi ubavuni pale ulimi wa moto ulipokigusa. Sijawahi kuchora rangi nzuri kama lile doa.

Jumamosi tukavuka na mitumbwi kwenda soko la Lyulilo, vyungu vya akina mama kama watano vimepangwa humohumo na nyasi katikati visigongane. Kufika ufukweni vikashushwa haraka haraka vikachanganyika, mimi nikachanganyikiwa kabisa maana kwangu vilikuwa vyote sawa. Bibi akachuchumaa, akawa anaingiza mkono kwenye chungu kimoja kimoja, haangalii hata, anaongea na mwenzake mambo ya mchele. Hiki cha fulani. Hiki changu. Hiki changu. Akafika kwenye kimoja, vidole vikasimama ndani.

"Hiki chako."

Nikamuuliza umejuaje, doa liko upande wa pili hujaliona.

"Kitako kizito. Na dole gumba lako unalikandamiza kulia, unaogopa kutoboa."

Nikaingiza mkono wangu. Kweli bwana, kulikuwa na kibonde kidogo, na dole gumba langu likakaa mule kama limepimwa. Nikakaa chini pale mchangani, sikuweza kusema kitu.

Chungu kilinunuliwa na mama mmoja wa Kinyakyusa, alikigonga kwanza, akasikiliza, akatoa hela bila kuvutana sana, akasema ndaga fijo, yani asante sana, akajitwisha. Nilimwangalia mpaka akapotelea kwenye migomba. Jioni tukarudi Ikombe upepo umeshaanza kuwa mkali, na kesho yake asubuhi kabla bibi hajaamka nilikuwa nimeshachota maji, nakanda.