Nilivyohamisha kaseti ya sindimba kwenye kompyuta bila kuua ngoma

Hapa Mtwara unyevu wa bahari hauzihurumii kaseti. Hii ya sindimba, ngoma ya Wamakonde, ni ya dakika 60, na mkanda wake ulikuwa umegandamana, kwa hiyo niliupeleka mbele hadi mwisho na kuurudisha mwanzo kabla ya kuupiga. Hedi ya redio-kaseti, yaani kile kichwa kinachosoma mkanda, niliisafisha kwa pamba na spiriti hadi pamba ikaacha kutoka na rangi ya kutu. Ule mpira unaovuta mkanda niliufuta kwa maji ya sabuni kidogo, maana spiriti huukausha.

Kosa nililokaribia kulifanya ni la waya. Laptopu yangu ina tundu moja tu, la hedifoni na maikrofoni pamoja. Upande wa maikrofoni hupokea njia moja tu ya sauti, kwa hiyo kushoto na kulia kungepotea. Tena tundu hilo limetengenezwa kwa umeme mdogo mno wa maikrofoni. Sauti ya redio ikiingia humo hupasuka kabla haijafika kwenye programu, na hata ukishusha kipimo kwenye skrini unapata sauti ndogo iliyopasuka vilevile. Dawa yake ni kadi ya sauti ya nje, ya USB, yenye tundu la kupokea “line”, yaani sauti yenye nguvu inayotoka kwenye redio na vyombo kama hivyo. Hakikisha neno hilo limeandikwa, kwa sababu kadi nyingi za bei rahisi zina la maikrofoni pekee.

Baada ya kuunganisha ulisikika mvumo mzito. Nilichomoa chaja, laptopu ikatumia betri, mvumo ukakatika palepale. Ulikuwa umeme wa ukutani, wa hezi 50, ukizunguka kupitia nyaya.

Nilirekodi kwa programu ya Audacity, hezi 44,100 (vipimo vya sauti kwa sekunde), biti 24 (usahihi wa kila kipimo), kilele cha sauti kikiwa desibeli 6 chini ya kikomo. Mshindo wa ngoma ukigusa kikomo, kilichokatwa hakirudi. Kwa mpangilio huo saa moja hula karibu MB 950. Nilihifadhi kwa FLAC, aina ya faili la sauti ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote.

Kisha nikatoa nakala mbili za MP3 nilinganishe: ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde), MB 58 hivi, na ya 320, MB 144. Ngoma kubwa zilikaribiana. Tofauti ilikuwa kwenye vigelegele na makofi. Katika 128, vigelegele viligeuka kama vinapita ndani ya maji, na kila kofi lilitanguliwa na ukungu mdogo wa sauti. MP3 hubana sauti vipande vipande, na mshindo wa ghafla ukiangukia katikati ya kipande, makosa ya kubana husambaa hadi kabla ya mshindo wenyewe. Hata ule upepo wa kaseti, yaani mvumo wa “ssss” wa mkanda, hula biti ambazo vigelegele vinazihitaji.

Nakala ya simu nimeweka 320, na kila ninayoitoa inatoka kwenye FLAC. Ukiigeuza ya 128 kuwa 320, faili litanenepa tu. Vigelegele vitabaki majini.