Kabla ya Kusaini Fomu

Jumanne usiku, Tabata.

Uvimbe uko kwenye ovari ya kushoto, sentimita 7. Ungekuwa wa maji matupu na mdogo, ningeambiwa nisubiri mizunguko miwili mitatu ya hedhi, maana mingi ya aina hiyo hupotea yenyewe. Huu dokta anasema ni demoidi: ndani huwa na mafuta, nywele, pengine hata meno. Shangazi aliposikia nywele akataka twende kwa mtu wake Mbagala jioni ile ile. Nikamweleza kwamba demoidi huanzia kwenye chembe za mayai, na chembe hizo zina uwezo wa kuota nyama ya aina yoyote mwilini. Hakuna mkono wa mtu hapo, Shangazi. Akanyamaza, ila si kunyamaza kwa kukubali.

Kuuacha nako kuna hatari yake. Uzito unaweza kuifanya ovari ijisokote, damu ikakatika, nikakimbizwa usiku kwa dharura.

Mjini sasa hivi habari ni upasuaji wa matundu madogo. Kila niliyemgusia kaniambia, "Hakikisha ni matundu." Kweli yana faida: tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kamera inapita kitovuni, vifaa vinapita kwenye matundu yasiyozidi sentimita moja hivi, na mara nyingi baada ya siku moja au mbili uko kwako, bega likikuuma kwa ajili ya ile gesi. Mshono mrefu ni wiki kadhaa za kujikongoja. Lakini mimi nina miaka 30, sina mtoto, na kinachoninyima usingizi si kovu. Nataka kujua ovari itabaki au itaondoka.

Daktari wa kwanza ana jina kubwa, foleni yake inafika ngazini. "Usijali, tutatoa." Tutatoa nini, dokta? "Tutaona humo humo." Nilipomuuliza mwaka huu kafanya ngapi za hivi, alicheka.

Wa pili ni mama wa makamo. Alichora nyuma ya karatasi ya vipimo: atautoa uvimbe kama kokwa ya embe, nyama ibaki, kisha autie kwenye kifuko humo humo tumboni kabla ya kuuvuta nje, mafuta yasimwagike yakachoma utando wa tumbo. Halafu unapelekwa maabara. Nilimuuliza ni wangapi alioanza nao kwa matundu akaishia kuwafungua. Alinijibu bila kununa, akaongeza, "Damu ikigoma kukatika nitakufungua, mwanangu. Uhai kwanza."

Hapo moyo wangu ukatua. Hata hivyo niliuliza kama jina lake limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na ubingwa wake ni wa magonjwa ya akina mama. Limo. Bima nayo ilinisumbua, kwa sababu kulipiwa upasuaji si lazima kulipiwe matundu. Hilo uliza mapema, usingoje dirisha la malipo.

Fomu ya ridhaa ilikuwa na mstari unaoruhusu kuondoa "kiungo chochote itakapobidi". Nilimwomba abainishe. Akaandika kwa mkono wake: ovari iachwe, isipokuwa uhai uko hatarini.

Limebaki swali moja la asubuhi. Hospitali ile inafundisha, na madaktari vijana watakuwepo. Siwakatai, wajifunzie wapi? Nataka tu kujua, wakati wa kuutenga uvimbe na ovari, mkasi utakuwa mkononi mwa nani.