Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta wa Moshi, Februari

Saa 2 asubuhi

Nafungua ofisi yangu karibu na Soko la Mbuyuni. Kabla ya kugusa kompyuta yoyote natazama kipimajoto cha ukutani, kile wanachouza maduka ya pembejeo kwa wafuga vifaranga. Wenzangu wananicheka sana. Sasa hivi kinasoma nyuzi 24. Mchana kitapanda hadi 32 au 33, maana Moshi ya Februari mnaijua.

Kipimajoto hicho kina kazi. Feni na hitisinki (kipande cha chuma chenye mapezi kinachonyonya joto) haziwezi kushusha joto la prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote za kompyuta, chini ya joto la hewa inayopita hapo. Mteja akiniambia prosesa yake ina nyuzi 78, namuuliza chumba kina ngapi. Mezani nina mashine ambayo jana alasiri, ikipigishwa kazi ngumu, ilifika 78 chumba kikiwa 32. Asubuhi hii, kwa jaribio lile lile, imegota 70. Toa joto la chumba uone: mara zote mbili ni 46 juu ya hewa. Mashine haikuugua jana wala haijapona leo.

Saa 4

Simu ya mama mwenye steshenari, pale jirani na sekondari. "Fundi, mashine inazima yenyewe na wanafunzi wamejaa hapa!" Shikamoo, marahaba, nabeba kipimajoto changu, nachukua boda.

Kasha la kompyuta limefungiwa ndani ya kabati la meza, na kitambaa cha kufuma kimefunika matundu ya hewa. Kitambaa ni kizuri kweli, sina ugomvi nacho, ila kingekaa juu ya redio. Mama anasema kabla ya kuanza kuzima mashine ilikuwa nzito kwa muda mrefu, na kuna fundi amemuuzia antivairasi zaidi ya mara moja. Hapo huwa nakasirika kidogo. Prosesa nyingi za Intel Core za kompyuta za mezani zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikifikia zinajipunguzia kasi zenyewe ili zizalishe joto dogo. Mtumiaji anachokiona ni uzito tu, na uzito unasingiziwa virusi. Joto likizidi kupanda licha ya hapo, mashine inajizima isiungue.

Nawasha HWiNFO, programu inayoonyesha joto la prosesa, naipa mashine kazi, natazama namba zinavyopanda. Namna ya kupanda inaniambia mengi kuliko namba yenyewe. Joto likipanda taratibu, dakika kadhaa, na hitisinki ukiigusa ni ya moto, basi joto linatoka vizuri kwenye prosesa ila halipati pa kwenda: vumbi, feni iliyochoka, au kasha lisilopumua. Joto likiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache huku hitisinki ikiwa vuguvugu tu, hapo prosesa na hitisinki hazigusani inavyotakiwa. Pesti, ule ute wa kupitisha joto unaopakwa katikati yake, imekauka, au moja ya zile pini nne za plastiki zinazoishikilia hitisinki imechomoka kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na hitisinki imekaa upande.

Ya mama ina yote mawili. Kwanza nakutana na vumbi la mashariki ya mji, jekundu, limejishindilia kati ya feni na mapezi ya hitisinki, mahali ambapo huoni mpaka ung'oe feni. Nalitoa kasha nje na kulipuliza kwa bloa, kidole kikiwa kimeizuia feni isizunguke, kwa sababu kuizungusha kwa upepo mkali kunaua beringi zake. Halafu pini moja kweli haijajifunga. Pesti ya zamani imekuwa unga. Naifuta kwa spiriti ya duka la dawa, naweka tone jipya la ukubwa wa punje ya choroko, basi. Pesti inajaza vijitundu visivyoonekana kati ya vyuma viwili, maana hewa ikibaki humo inazuia joto. Kuipaka nene hakuongezi ubaridi. Pini nazibana kwa mkato, ya kushoto juu kisha ya kulia chini, ndipo zile mbili nyingine.

Inasoma 66 ikiwa kazini, chumba 29. Mama anauliza, "Kwa hiyo virusi vimeisha?" Namwambia vimeisha.

Saa 7 mchana

Mtori, na umeme umekatika. Simu moja: kijana aliyehamisha kompyuta kutoka kwao Marangu, kule kwenye baridi ya mlimani, kuja mjini anadai imeharibika njiani, kule ilikuwa inacheza 60 na sasa ni 70. Namuuliza kule usiku anajifunika nini. "Blanketi mbili." Na hapa? Anacheka, anakata simu.

Saa 10 jioni

Majengo, kwa kaka anayehariri video za harusi na sendofu. Chumba ni cha bati bila silingi, kipimajoto changu kinasoma 34. Ana Ryzen 5 7600X, prosesa ya kampuni ya AMD, na kila akitoa video inapanda hadi 95 na kukaa hapo hapo. Hajalala vizuri wiki nzima.

Yake ni safi. AMD wenyewe wameweka kikomo cha prosesa hizo nyuzi 95, na wamezitengeneza ziongeze kasi mpaka zikifikie, kisha zijirekebishe. Kwa hiyo 95 kwake haina maana ile ile ya 95 kwenye mashine ya mama. Ninachotazama ni kasi: inashika au inaporomoka? Inashika, ila inayumba kidogo, na feni zinapiga kelele mpaka mteja wake aliyekuja kuchukua flashi anatukodolea macho.

Naingia Bios, yaani mipangilio ya ndani ya kompyuta, nawasha hali ya Eko, prosesa ya wati 105 inafanya kazi kama ya wati 65. Tunarudia kipande kile kile cha sherehe. Kinachelewa kidogo, joto linashuka hadi 74. Pia namshauri kazi nzito aziache ziende usiku, chumba kikirudi kwenye nyuzi ishirini na kitu. Hizo nyuzi kumi hazilipiwi.

"Fundi, nikinunua ile ya kupoza kwa maji si itamaliza kabisa?"

Maji yanabeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na rejeta inapozwa na feni zinazovuta hewa ya chumba hiki hiki cha 34. Utapata nyuzi chache na kelele pungufu. Kwa hela hiyo hiyo, namwambia, piga silingi.

Anatazama bati juu, anauliza gypsum sasa hivi ni shilingi ngapi kwa shiti.