Uzoefu wangu: kusoma uchumi wa China na Japani nikiwa Lindi

Kozi ya uchumi wa Asia Mashariki ilinidai vitu vitatu kwa pamoja: takwimu, historia na lugha. Naanza na takwimu, maana ndizo zinazokula alama za wengi.

Pato la taifa la China, Japani na Korea Kusini linapatikana bure kwenye tovuti ya Benki ya Dunia, na faili lake ni dogo, bando la kawaida linatosha. Kazi ipo kwenye kuchagua. Kuna pato kwa dola za sasa, na pato kwa dola za mwaka mmoja wa msingi. Ukichukua la kwanza, mchoro wa Japani unapaa ghafla baada ya 1985, nawe utaandika kwamba viwanda vyake viliongeza uzalishaji maradufu. Kilichopanda ni yeni, sarafu ya Japani, na pato lile lile likihesabiwa kwa dola likaonekana kubwa. Septemba 1985, kwa Makubaliano ya Plaza, mataifa matano yalikubaliana kuishusha dola. Dola moja ilikuwa karibu yeni 240, na mwishoni mwa 1987 ilikuwa chini ya 130. Kwa hiyo ukuaji upime kwa dola za mwaka wa msingi. Ukitaka kulinganisha maisha ya Lindi na ya Osaka, tumia takwimu zilizorekebishwa kwa uwezo wa kununua, yaani zinazozingatia tofauti za bei kati ya nchi.

Kabla ya kugusa kompyuta, nagawa 72 kwa asilimia ya ukuaji. Jibu ni miaka ambayo pato litachukua kuongezeka mara mbili. Serikali ya waziri mkuu wa Japani, Ikeda Hayato, ilitangaza mwaka 1960 mpango wa kulifanya pato la Japani liwe mara mbili ndani ya miaka 10. Gawa 72 kwa 10, unapata 7.2, na hiyo asilimia kwa mwaka ndiyo kasi iliyolengwa. Kompyuta ikileta jibu lililo mbali na hapo, najua nimegawa ongezeko lote kwa idadi ya miaka badala ya kutafuta mzizi wa 10 wa uwiano wa pato la mwisho na la mwanzo.

Historia ilinikaa kichwani nilipoisoma kwa macho ya ghala la ufuta. China ya miaka ya 1980, kaya ilikabidhi mgao wake kwa bei ya serikali, ziada ikaiuza kwa bei ya soko. Jiulize: kilo ya mwisho ya yule mkulima iliuzwa kwa bei gani? Ya soko. Hiyo ndiyo iliyompa sababu ya kulima zaidi, ingawa bei yake ya wastani ilikuwa chini. Huku kwetu kwenye stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani kabla ya kuuzwa, mzigo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) unaingia mnadani na mkulima analipwa bei ya mnada baada ya makato. Ndiyo maana ugomvi wetu ni wa makato na kuchelewa kwa malipo. Anayeandika kwamba mifumo hii ni mamoja kwa kuwa yote ina mkono wa serikali hajaitazama ile kilo ya mwisho.

Lugha, yaani Kichina, nilianza na bidhaa: zhima ni ufuta, yaoguo ni korosho, kwa herufi zake “tunda la kiuno”. Mswahili akiona zh husema “ji”, na ji kwa toni (mwinuko wa sauti) ya juu iliyonyooka ni kuku. Kunja ncha ya ulimi irudi nyuma ya ufizi. B na p zinasumbua zaidi. B yao ni p isiyo na pumzi, kama katika paa la nyumba. P yao ina pumzi, kama watu wa pwani wanavyomtaja paa wa porini. Shika kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwenye p kitikisike, kwenye b kitulie.

HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya 4, kwa muundo wa zamani, ilitaka maneno 1,200. Maneno 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni wiki 24. Ongeza wiki moja ya marudio kila baada ya wiki 3, zinakuwa 32. Andika kwa mkono, na herufi zinazofanana uziandike kwa jozi. Jozi yangu ya kwanza ilikuwa mai ya toni ya tatu, kununua, na mai ya toni ya nne, kuuza. Kuuza ina mistari miwili zaidi juu, basi. Ukiisahau, muuzaji na mnunuzi wamebadilishana nafasi kwenye mkataba wa ufuta.