Wenzo, tupa na moshi wa mshumaa: nilivyoiweka ziro bunduki yangu ya mtindo wa 1886

Siku ya kwanza ya kuiweka ziro, yaani kurekebisha vilengeo ili risasi ipige pale unapolenga, nilitoka kiwanja cha shabaha bega limevilia damu, boksi la risasi tupu, na karatasi ya shabaha imetoboka kila mahali isipokuwa nilipolenga.

Bunduki yenyewe ni nakala ya Winchester ya 1886, ile aliyoibuni John Moses Browning. Mtutu wake ni wa pembe nane, inchi 26, na kitako kina bamba la chuma lililopinda kama mwezi mwandamo. Inakula risasi za .45-70, yaani kipenyo cha inchi 0.45 na, zilipoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1873, greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Modeli ya 1876 iliyotangulia haikuweza kumeza risasi ndefu kiasi hicho. Browning akaja na makomeo mawili ya chuma yanayopanda wima kila unapofunga wenzo, ule mpini wa chini unaoingiza risasi, moja kila upande. Ukiitazama kwa karibu huku ukivuta wenzo polepole, unayaona yakipanda. Mimi nilitumia jioni nzima kuyatazama tu. Laiti jioni hiyo ningeitumia kujifunza kuishika.

Nilianza kwa mita 50, risasi za baruti ya kisasa zenye kichwa cha greni 405, vichwa butu. Butu kwa sababu magazini ni bomba lililolala chini ya mtutu, na risasi zinapangana humo kichwa cha moja kikigusa fataki ya nyingine, yaani kile kidude cha kuwasha baruti. Weka kichwa chenye ncha kali humo, bunduki iruke kwa kishindo, na unaweza kulipukiwa mkononi.

Risasi ya kwanza ikaenda juu kushoto. Nikachukua nyundo, nikagonga kilengeo cha nyuma kidogo kulia. Ya pili ikaenda kulia mno. Nikagonga tena. Ya tatu sikuiona kabisa. Hivyo hivyo hadi mzee mmoja wa meza ya jirani akashindwa kuvumilia.

"Kijana, hebu iweke chini hiyo nyundo. Unaifukuza risasi iliyokwisha kupita."

Nikamwamkia, nikamwomba anisaidie. Hakugusa kilengeo hata kidogo. Alianza na bega langu. Kitako kile cha mwezi mwandamo nilikuwa nakizamisha kwenye shimo la bega kama kitako cha bunduki yoyote, na ncha zake mbili zilikuwa zinanichoma kila nikifyatua. "Hiki hakiingii humo, mwanangu. Kinakaa hapa, panapoanzia mkono. Nyanyua kiwiko, kitajishika chenyewe." Kisha akatazama mifuko yangu ya mchanga. Nilikuwa nimeulaza mtutu wenyewe juu ya mfuko. Akausogeza mfuko nyuma, chini ya mbao ya mbele ambapo mkono hushika. Mtutu ukigusa kitu kigumu hudundishwa na risasi huenda kwingine. La tatu lilikuwa subira: risasi moja, ngoja mtutu upoe, nyingine.

Niliporudi juma lililofuata nilipiga risasi tano bila kugusa chochote. Matundu yote matano yangefunikwa na kiganja. Ila kiganja hicho kilikuwa sentimita 18 juu ya alama na 7 kushoto.

Kushoto na kulia ni kazi nyepesi: kilengeo cha nyuma unakisogeza upande ule unaotaka risasi iende. Nilipima umbali kati ya vilengeo viwili, nikapata milimita 520. Kosa la milimita 70 mara 520, gawanya kwa 50,000 ambazo ni zile mita 50: milimita 0.7. Kumbe ile nyundo yangu ya siku ya kwanza ilikuwa inakisogeza mara mbili au tatu ya inavyotakiwa kila pigo! Safari hii nilichora mstari mwembamba wa penseli kwenye chuma, nikaweka kipande cha shaba kati ya nyundo na kilengeo kisije kikachubuka, nikagonga taratibu mpaka mstari ukaachana kwa unene wa kucha.

Juu na chini ndiko kulikonitoa jasho. Kilengeo cha nyuma kina kingazi cha kukipandisha, lakini changu kilikuwa tayari kidato cha chini kabisa, hakina pa kushuka. Dawa iliyobaki ilikuwa kilengeo cha mbele, na hicho kinakwenda kinyume: kikirefuka, risasi inashuka. Kwa hesabu ile ile nilihitaji nyongeza ya karibu milimita 1.9. Nikatafuta kirefu zaidi ya hapo makusudi, cha nyongeza ya milimita 3, kwa sababu chuma unaweza kukipunguza lakini huwezi kukirudishia.

Kazi ya tupa naipenda kuliko nilivyotarajia. Unatoa risasi zote, unahakikisha kwa jicho na kwa kidole, unafunika mtutu kwa utepe, unapiga tupa mara tatu nne, unapima kwa kalipa, kile kipimio cha unene. Sehemu moja ya kumi ya milimita ilikuwa inapandisha risasi karibu sentimita moja kwenye mita 50. Nilikwenda kiwanjani mara mbili, nikasaga, nikapiga, nikasaga, mpaka kundi la matundu likakaa kwenye alama sawasawa.

Nikafurahi mapema. Mita 100, kundi lile lile lilishuka sentimita 13. Risasi hii ni nzito na ya polepole, inaanguka kama jiwe. Ukiiweka sawa kwenye mita 50 umeshaipoteza kwenye 100, na hata ukiiweka sawa kwenye 100, kwenye 200 inashuka zaidi ya nusu mita. Nikasaga sehemu saba za kumi za milimita nyingine. Sasa kwenye mita 50 inapiga sentimita 6 au 7 juu, kwenye 100 inapiga nilipolenga, na zaidi ya mita 120 mnyama simfyatulii.

Nilijaribu pia vichwa vyepesi vya greni 300. Vilikwenda mahali pake pengine kabisa, kwa hiyo nimebaki na 405 na sibadilishi.

Limebaki jambo moja. Tupa iliacha ncha ya kilengeo iking'aa, na jua la asubuhi likitoka upande mmoja jicho lilifuata mng'ao badala ya kati, kundi likahama. Mzee yule alinionyesha: washa mshumaa, pitisha ncha juu ya moshi hadi iwe nyeusi tii. Masizi yanafutika kila bunduki inapoingia kwenye mfuko wake, ndiyo maana ndani ya boksi langu la risasi kuna kipande cha mshumaa na kiberiti.